Samaki wa masika, mabano na omena: majibu kwa wasomaji

SWALI: Karibu na kwetu Kikambala kuna shimo la udongo. Kila masika hujaa maji, na wiki chache baadaye huwa na samaki wadogo kama kidole: wengine mkia mwekundu, wengine wa kijivu tu. Kiangazi hukauka kabisa. Wazee husema samaki hao huanguka na mvua. Ni aina mbili?
Msomaji, Kikambala

JIBU: Kwa maelezo yako hao ni Nothobranchius, jenasi (kundi la aina zilizo karibu) ya samaki wadogo wa madimbwi ya msimu, na mvua huwakuta humo humo. Hutaga mayai ndani ya tope, wenyewe hufa maji yakiisha, na mayai husubiri udongoni hadi msimu ujao.

Wekundu ni madume, wa kijivu ni majike yao. Ila hakikisha kwanza si samaki wengine. Mkia wa Nothobranchius ni wa mviringo, na pezi la mgongoni limerudi nyuma, juu ya pezi la chini. Mkia ukiwa na panda, na vijisharubu mdomoni, huyo ni mbarbi. Pezi la mgongoni likiwa refu lenye miiba mbele na doa jeusi nyuma, ni mtoto wa perege. Dume ambaye pezi lake la chini limekuwa kama kijiti ni gambusia au gupi, ambao huzaa watoto hai na mara nyingi hutiwa madimbwini kula viluwiluwi vya mbu.

Kupata aina yenyewe ni kazi nyingine, maana mkia mwekundu wanao kadhaa. N. (yaani Nothobranchius) palmqvisti wa pwani yetu ana mkia mwekundu mtupu, N. guentheri wa Unguja ana ukingo mweusi mkiani. Majike nao wana ushahidi wao: jike la N. melanospilus lina madoa meusi, na jina lenyewe kwa Kigiriki ndiyo maana yake. Kwa hiyo anayepiga picha madume tu kwa kuwa wanapendeza ameacha nusu ya kazi.

Kwa picha, mtie samaki katikati ya vioo viwili vilivyoachana kama sentimita 2, vyenye maji ya dimbwi lile lile. Mpige picha ya ubavuni, rula ikionekana, mapezi yakiwa wazi. Fanya haraka: samaki akishaogopa hupauka, na picha ya saa moja baadaye hupotosha. Urefu pima kutoka puani hadi shina la mkia, kwani ncha za mkia huchanika. Ukihesabu vijiti vya pezi, viwili vya mwisho vikitoka shina moja hesabu kimoja. Andika tarehe na namba za mahali hapo kwenye ramani ya simu. Samaki asiyejulikana alikotoka hana faida kwa mtaalamu. Kisha mrudishe shimo lile lile. Ukimhamishia la jirani unaweza kuchanganya vizazi visivyowahi kukutana.

Wenye kibali cha kuhifadhi sampuli: kata kwanza kipande cha pezi, kitie kwenye ethanoli ya asilimia 95. Mwili utie kwenye sehemu 1 ya fomalini ya dukani kwa 9 za maji, kwa glavu na mahali penye hewa. Ukianza na fomalini, DNA huharibika. Lebo ya ndani ya chupa iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka.

SWALI: Kwa nini jina la mtu baada ya jina la samaki mara huwa na mabano, mara halina?
Mwanafunzi, Tudor

JIBU: Jina hilo ni la mtaalamu aliyempa samaki jina, na mabano yanasema samaki alihamishwa jenasi baadaye. Pfeffer alipomwita guentheri mwaka 1893 alimweka katika jenasi nyingine, Fundulus, ndipo leo huandikwa Nothobranchius guentheri (Pfeffer, 1893). Gupi ni Poecilia reticulata Peters, 1859, bila mabano, kwa kuwa Peters mwenyewe alimweka Poecilia. Mwaka 1866 Günther alimpa jina guppii, kwa heshima ya bwana Guppy wa Trinidad, lakini la kwanza hushinda. Guppy akabaki na jina la mtaani, lililodumu kuliko la kitabuni!

Jina la heshima kwa mwanamume huishia -i, kwa mwanamke -ae. Mtu hajipi mwenyewe. Si sheria, ni adabu. Mtaalamu Jubb alimwita samaki mmoja N. furzeri mwaka 1971 kwa heshima ya Furzer, na mwaka 1979 wengine wakamwita mwingine N. jubbi kwa heshima ya Jubb mwenyewe.

SWALI: Kongowea nauziwa omena na dagaa kwa bei tofauti. Si samaki yule yule?
Mama wa jikoni, Mishomoroni

JIBU: Hapana. Omena ni Rastrineobola argentea wa Ziwa Victoria, jamaa wa mbarbi. “Dagaa” ni jina la kapu zima: wa Kigoma ni wa ukoo wa sadini, na wa baharini mara nyingi ni uono. Uono pua yake imetokeza mbele ya mdomo na ubavuni ana mstari wa fedha. Sadini mpapase tumbo kutoka mkiani kwenda kichwani: hukwaruza kama msumeno. Omena tumbo lake ni laini. Waliokauka sana na kuvunjika vichwa, muulize muuzaji walikotoka.