Beringi ya konrodi imebadilishwa na injini inagonga tena: nifanyeje?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Noah yenye injini ya 3S, napiga ruti ya Lindi hadi Masasi. Nabeba abiria, na msimu wa korosho napakia na magunia. Mwezi uliopita nikitoka Ndanda na mzigo, taa ya oili ilianza kuwakawaka kila gari likiwa sailensi (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta), halafu ukaja mlio mzito, ko-ko-ko. Fundi alishusha sampu (bakuli la oili chini ya injini), akakuta beringi ya konrodi namba tatu imekwisha, akaweka mpya. Wiki mbili hazijaisha, mlio umerudi. Sasa anasema akate bati la kopo aliweke nyuma ya beringi ili ibane, la sivyo ninunue injini nyingine. Gari bado linatembea. Unanishauri nini?
Msomaji, Mnazi Mmoja, Lindi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hapo uliposema gari bado linatembea ndipo penye hatari. Lipaki leo, na likitakiwa kwenda gereji livutwe. Konrodi ni mkono unaounganisha pistoni na krenki, ile shafti kuu ya injini; ikilegea hupiga krenki kila mzunguko. Bolti zake zikikatika, konrodi inatoboa bloki na hapo hakuna tena cha kutengeneza. Usijaribu kuunyamazisha mlio kwa oili nzito. Sauti itapungua siku chache, uharibifu utaendelea palepale.

Bati la kopo nalikataa kabisa. Beringi ile ni vipande viwili vya nusu duara, chuma kwa nyuma na madini laini kwa mbele. Vimetengenezwa virefu kidogo kuliko kiti chake, ili kofia ya konrodi (kipande cha chini kinachofungwa kwa bolti) ikikazwa vijibane vyenyewe na kukaa duara kamili. Ukiweka bati nyuma yake unaharibu ule uduara, na joto la beringi linakosa njia ya kutokea kwenda kwenye konrodi. Kuna na wale wanaopiga tupa kofia ili ibane: hilo ni baya zaidi, maana tundu la konrodi linakuwa yai. Mtu akifika huko, konrodi hiyo isifungwe tena hivyohivyo.

Sasa tuje kwenye sababu ya mlio kurudi. Nionavyo mimi, fundi wako alibadilisha kilichokufa bila kupima kilichokiua. Beringi isiyo na ubovu haigusani na krenki. Kati yao kuna utando wa oili uliosukumwa na pampu, kwenye nafasi nyembamba kuliko unywele. Injini nyingi za petroli za ukubwa wa yako hutaka nafasi ya kati ya milimita 0.02 na 0.06. Ikifika 0.08, imezidi. Beringi ya kwanza ilipokufa, huenda ilikwaruza pini ya krenki pale inaposhika konrodi. Kuweka beringi mpya ya standadi (saizi ya kawaida) juu ya pini iliyolika ni kutupa hela, kwa sababu nafasi inabaki kubwa, oili inamwagika pembeni, presha inashuka, na taa inawaka tena.

Kwa hiyo mwambie ashushe sampu na afungue kofia zote nne, asifungue namba tatu peke yake. Kofia zisichanganywe wala kugeuzwa, kila moja irudi kwenye konrodi yake na upande wake. Futa pini kwa kitambaa kisafi, kisha pitisha ukucha taratibu kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Ukucha ukikwama kwenye mifereji, krenki inahitaji kusagwa. Ukiteleza, usifurahi bado: ipimwe kwa maikromita (kifaa cha kupimia unene) pande mbili zinazokatana, maana pini inaweza kuwa laini na bado imekuwa yai. Kuna pia uzi maalumu wa plastiki wa kupimia. Unakatwa kipande, unalazwa juu ya pini, kofia inakazwa kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) bila kuzungusha krenki, kisha inafunguliwa na upana wa uzi uliobanwa unalinganishwa na alama za kwenye pakiti yake.

Zile beringi zilizotolewa usikubali zitupwe. Zipange kwa namba, uziangalie juani. Zikiwa zote nne zimelika na shaba inaonekana, shida ni ya presha au oili yenyewe. Ikiwa moja tu imelika, tena upande mmoja wa ukingo, shuku konrodi iliyopinda. Mikwaruzo mingi myembamba yenye chembe zilizozama ndani ni uchafu uliopita na oili, na kwa barabara zetu za mchanga chujio la hewa lililopasuka linatosha kuleta hilo. Iliyobadilika rangi ikawa nyeusi au buluu ilikosa oili. Geuza na mgongo wake usome saizi: STD ni ya kawaida, 0.25 ni ya krenki iliyokwisha kusagwa mara moja. Nimeona zaidi ya injini moja ambapo krenki ni ya 0.25 na fundi kaweka STD.

Chungulia pia chujio la mdomo wa pampu ya oili mle ndani ya sampu. Mafundi wengi hupaka silikoni nyingi kwenye sampu, ile inayozidi inakatika na kwenda kuziba wavu. Kwako, kwa kuwa taa iliwaka kabla ya mlio, hapo na kwenye pampu yenyewe ndipo ningeanza kutafuta.

Ikibidi kusaga, krenki inatoka yote, na pini zote za konrodi zinasagwa saizi moja. Nunua beringi baada ya kusaga, si kabla. Kama mashine ya kusagia haipo karibu nawe, krenki inaweza kwenda Dar kwa basi: ipakwe grisi, ifungwe gunia, isimamishwe wima na kufungwa isigongwe njiani. Ikirudi, matundu yake ya oili yasuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa, kisha yapulizwe kwa kompresa. Vumbi la beringi iliyokufa hujificha humo, na usipolitoa litakula mpya.

Injini nyingine ni sawa ikiwa bloki imetoboka, au konrodi imeungua, au gharama ya kusaga, beringi na pampu inakaribia bei yake. Lakini injini hizo zinazoletwa kutoka Japani nazo ni za mtumba. Kabla yako haijafungwa kwenye gari, shusha sampu na ufungue kofia moja uone beringi. Muuzaji anayekataa hilo, mwache.

Siku ya kuwasha, beringi zipakwe oili wakati wa kufunga, plagi zitolewe na mwako ukatwe, kisha starta izungushe injini kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime. Ndipo urudishe plagi. Presha ipimwe kwa geji, injini ikiwa ya moto. Taa huchelewa kusema. Kilomita 500 za kwanza usipakie magunia, wala usilazimishe kupanda mlima na gia kubwa huku injini inakoroma chini. Zikitimia, mwaga oili, badilisha filta, na ile ya zamani ikatwe kwa msumeno uitandaze karatasi yake. Ukiona vumbi la rangi ya shaba likimeta, rudi kwa fundi siku hiyohiyo kabla ya kupakia abiria.