Kabla Hujalipia Swichi ya Mtumba: Kwa Anayesomea CCNA Nyumbani

Vyuo vya Kisumu na Maseno vikifunga, simu yangu huanza kuingia ujumbe wa aina moja kutoka kwa wanaosomea CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco. "Mkubwa, kuna jamaa anauza ruta mbili na swichi tatu, nichukue?" Picha huwa imepigwa gizani, vyuma vimelala sakafuni, nyaya zimefungwa kwa mpira. Nami huuliza: Packet Tracer umeimaliza?

Simuulizi hivyo ili kumfukuza. Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta, ni ya bure, unajisajili tu na Cisco Networking Academy, na humo utafanya VLAN (kugawa swichi moja iwe mitandao kadhaa), OSPF (ruta kutafutiana njia), NAT (kubadilisha anwani), ACL (kuchuja trafiki) na karibu kila kitu kinachoulizwa katika mtihani wa CCNA, yaani 200-301, kwenye laptopu ya kawaida. Ukitaka IOS halisi, yaani programu inayoendesha vifaa vya Cisco, badala ya mwigo wake, kuna Cisco Modeling Labs, ambayo siku hizi ina toleo la bure la vifaa 5 kwa wakati mmoja, ingawa hiyo itakudai RAM ya kutosha. Kwa hivyo anayekuambia huwezi kufaulu CCNA bila kuwa na vyuma, huenda ana vyuma vya kuuza.

Hata hivyo mimi mwenyewe hununua, na nashauri wengine wanunue kidogo, kwa sababu kazi yenyewe haifanyiki ndani ya Packet Tracer. Siku ya kwanza utaonyeshwa swichi iliyo juu ya kabati la ofisi ya sacco, nywila aliondoka nayo fundi wa zamani, na meneja amesimama nyuma yako anauliza itachukua dakika ngapi. Hapo unahitaji mkono uliozoea kebo ya konsoli, ile inayounganisha laptopu na kifaa moja kwa moja ili ukipe amri, jicho linalojua taa ya kahawia inasema nini, na subira ya kungoja kifaa kiwake mpaka mwisho bila kukichomoa kwa wasiwasi. Pesa yako inanunua mazoezi hayo, basi. Ukilikubali hilo, hutahitaji vitu vingi.

Swichi mbili na ruta moja zinatosha. Kipimo changu cha bei ni ada ya mtihani wenyewe, ambayo ni dola 300 kabla ya kodi: vyuma vyote kwa jumla vikikaribia hapo, acha, lipia mtihani.

Kwa swichi, tafuta Catalyst 2960 ya Cisco, na usome namba ya modeli yote mpaka herufi ya mwisho. WS-C2960-24TT-L ina toleo la programu la LAN Base, na hiyo ndiyo unayotaka. Ikiishia na S, kama 2960-24TC-S, hiyo ni LAN Lite, imepunguzwa uwezo, na muuzaji hatakwambia kwa sababu mara nyingi hajui. Ukipata moja iwe 3560, vizuri zaidi, kwa maana yenyewe inaweza kupitisha trafiki kati ya VLAN bila kusaidiwa na ruta. 2950 iache hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Ni ya zama nyingine. Kwa ruta, 1941 au 2901 zinabeba IOS 15 na bado zinafaa. 1841 na 2811 ndizo zimejaa sokoni; zinafundisha mengi, lakini ni nzee na 2811 ina kelele.

Kuna mzigo mmoja unaouzwa sana na ambao huuhitaji kabisa: kadi za WIC-2T na zile kebo nene za serial. Zilikuwa lazima enzi za Frame Relay, njia ya zamani ya kuunganisha ofisi zilizo mbali. Mtihani wa 200-301 ulipoanza Februari 2020 mambo hayo yalikuwa yameondolewa, na toleo la 1.1 la mwaka 2024 halikuyarudisha. Muuzaji akikuambia bei imepanda kwa sababu "ina serial mbili," mwambie azichomoe abaki nazo.

Vifaa hivi hutoka wapi? Vingi vinavyofika huku ni ex-UK, vinashukia Nairobi na kutawanywa kutoka Luthuli Avenue. Vingine ni vya hapa hapa: saiba iliyofungwa, hoteli iliyobadilisha mtandao, shule iliyopata mfadhili mpya. Vya hapa huwa rahisi, lakini vina historia ya hapa. Fungua kifuniko cha swichi iliyokaa miaka karibu na ziwa uone: vumbi limeshikana na mabawa ya wale wadudu wa ziwa wanaokuja kama moshi, feni imenata, na wakati mwingine kuna mjusi aliyekaukia juu ya bodi. Hayo yote husafishwa kwa brashi. Kutu ya kijani kwenye meno ya poti haisafishwi.

Halafu kuna radi. Kisii, Kakamega na hapa Kisumu tunaijua vizuri, na swichi iliyopigwa kupitia waya wa nje mara nyingi haifi yote. Zinakufa poti kadhaa, na zilizobaki zinafanya kazi kama kawaida. Kifaa kama hicho kitawaka mbele yako, taa zitapepesa, utalipa, na ukifika nyumbani Nyalenda utagundua poti 9 hadi 16 ni mapambo.

Ndiyo maana silipi kabla ya kukaa na kifaa kwenye stima kwa nusu saa. Muuzaji akisema hana soketi, hana biashara na mimi. Nenda na laptopu yenye PuTTY (programu ya kuandikia kifaa amri), kebo ya konsoli ya buluu, kiunganishi cha USB kwenda serial (chenye chipu ya FTDI hakisumbui, vile vya bei ya chini vyenye chipu bandia ya Prolific vitakupotezea mchana), waya mmoja mfupi wa mtandao, na waya wa umeme wa kompyuta ya mezani, kwa sababu ndio huo huo unaoingia nyuma ya Cisco. Usiogope kifaa kilichotoka Marekani, pawa saplai ya hizi modeli inapokea volti 100 hadi 240 bila kubadilishwa chochote.

PuTTY iweke serial, kasi 9600. Washa kifaa ukiwa tayari unaangalia skrini, si baadaye, maana ile hatua ya kuwaka ndiyo inayosema ukweli. Swichi hujipima yenyewe na kuandika matokeo. Ikishuka na kujizima kisha kuanza upya mara kwa mara, rudisha. Ikisimama kwenye alama ya "switch:" au ruta kwenye "rommon 1 >", IOS haipo au haisomeki. Inaweza kurudishwa, lakini faili yenyewe huipakui kihalali bila mkataba na Cisco, kwa hivyo kwa mwanafunzi hiyo ni sawa na kifaa kilichokufa. Bei yake ni ya vipuri.

Kikiwaka, andika show version na usome taratibu. Jina la faili ya IOS liwe na herufi k9, kama c2960-lanbasek9-mz. Bila k9 hakuna SSH, njia salama ya kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali, na SSH imo kwenye mtihani. Linganisha namba ya utambulisho (serial number) inayoonekana kwenye skrini na ile ya stika. Zikitofautiana, mtu ameunganisha vifaa viwili au amebandika stika. Namba hiyo pia inakuambia umri. Herufi tatu za mwanzo ni kiwanda, tarakimu mbili zinazofuata jumlisha na 1996 upate mwaka, na mbili baada ya hapo ni wiki. FOC1425 na kuendelea, basi, ni ya wiki ya 25 ya mwaka 2010. Nimeona uso wa muuzaji ukibadilika nikimsomea mwaka wa kifaa alichoniambia "hakijamaliza miaka mitatu."

Kwenye ruta, shuka mpaka mstari wa mwisho wa show version. Unatakiwa kuona 0x2102, namba inayoiambia ruta isome mipangilio iliyohifadhiwa inapowaka. Ukiona 0x2142, mtu aliwahi kuvuka nywila na hakurudisha mambo mahali pake: utapanga ruta usiku kucha, utahifadhi, stima ipotee, na asubuhi itawaka tupu kama mpya. Si ubovu. Amri moja ya config-register 0x2102 inamaliza, ila nimeona watu wakirudisha ruta nzima kwa sababu hiyo, na wengine wakiuziwa rahisi na muuzaji asiyejua tatizo ni nini. Wa pili ndio wenye bahati.

Sasa poti. Chukua ule waya mfupi, unganisha poti 1 na poti 2 za swichi hiyo hiyo. Subiri kama nusu dakika. Moja itakuwa kijani, nyingine itabaki kahawia. Hapo umeona spanning tree, kinga ya swichi dhidi ya vitanzi, kwa macho yako: swichi imegundua kitanzi na kuifunga poti moja. Hamia 3 na 4, kisha 5 na 6, mpaka mwisho. Jozi isiyowasha chochote ina poti iliyokufa. Muuzaji atachoka kukuangalia, mwache achoke. Poti mbili zilizokufa kati ya 24 hazizuii kusoma, lakini ni sababu nzuri ya kushusha bei.

Kifaa kikiwa na nywila ya mwenyewe wa zamani, usikimbie. Kuvunja nywila ni somo ambalo ungetaka kulifanya hata hivyo, na sokoni huwaogopesha wanunuzi wengine, kwa hiyo bei inakuwa nafuu kwako. Kwenye 2960 unashikilia kitufe cha Mode huku ukiwasha, taa ya SYST ikitulia kwenye kijani unaachia, kisha flash_init, unabadilisha jina la config.text, yaani faili ya mipangilio, halafu boot. Kwenye ruta unabonyeza Break ndani ya sekunde 60 za mwanzo, confreg 0x2142, reset. Fanya hivyo mara nyingi nyumbani mpaka usihitaji kusoma mahali.

Ila kabla ya kufuta, soma kilichomo. Niliwahi kufungua swichi nikakuta jina la taasisi, anwani za ndani, na nywila za watumishi zimeandikwa wazi. Hilo linakupa mambo mawili. Kwanza, adabu: futa, usimtumie mtu picha. Pili, swali: je, taasisi hii ilijua kwamba inauza? Kama jina lililo ndani ni la ofisi inayoendelea na kazi mjini na muuzaji hana karatasi yoyote, ondoka. Kushika mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na "nilikuwa nasomea CCNA" si utetezi. Omba risiti, hata ya kuandikwa kwa mkono yenye namba ya utambulisho ya kifaa.

Kuna vitu vingine nisingegusa. Meraki yoyote, vifaa vya Cisco vinavyoendeshwa kupitia intaneti: bila leseni haifanyi kazi, na ikiwa bado imeandikishwa kwa mwenyewe wa zamani, umenunua sahani. Aironet, kifaa cha Cisco cha kurusha WiFi, yenye CAP au LAP kwenye jina, maana inangoja kidhibiti (controller) ambacho huna. Ruta ya ISR 4331 iliyotoka kiwandani kabla ya Novemba 2016, kwa sababu baadhi zina kijenzi cha saa ambacho Cisco wenyewe walitangaza mwaka 2017 kwamba kinaweza kufa, na kikifa ruta haiwaki tena. Na 2960-X ya bei ya kushangaza: bandia zake zipo, watafiti wa F-Secure walizifungua mwaka 2020 baada ya wenye vifaa kuona zinagoma kufanya kazi pindi programu iliposasishwa.

Kununua kutoka Nairobi ukiwa huku, mtumie mtu anayejua kuandika show version aende dukani. Usitume pesa kwa M-Pesa eti mzigo uko kwenye basi.

Nyumbani, fikiria masikio ya jirani. Kwenye bedsita, 3750 au 2811 usiku ni ugomvi. 2960-8TC-L ina poti chache lakini haina feni kabisa, na mimi ningeichukua hiyo mbele ya ile ya poti 24. Tokeni zisikutishe: 2960 ya poti 24 inakula kama wati 30, ikiwaka kwa muda wa saa kumi ni uniti 0.3. Kinachotisha ni stima kurudi kwa kishindo, kwa hivyo nunua kizuia mshtuko kabla ya swichi ya pili.

Na ukibakiwa na pesa kidogo, chukua MikroTik ndogo, ruta ya kampuni nyingine, kama hAP lite, hata mpya. Haimo kwenye CCNA. Lakini jamaa wanaosambaza WiFi mitaani Kondele na Manyatta wengi wako juu ya MikroTik, na hao ndio wanaoajiri kijana asiye na uzoefu kabla ya benki kumtazama.

Ukishafaulu, viuze kwa anayefuata. Bei haishuki sana kwa kifaa ambacho tayari ni kikuukuu. Andika write erase, kisha delete flash:vlan.dat, ndipo reload. Ile ya kwanza peke yake haigusi VLAN zako.