Paneli Ikae Juu ya Paa la Nyumba

Wapenzi wenzangu wa teknolojia hapa Arua wananiuliza swali lilelile: kikokotoo kinatumia jua tangu enzi za wazazi wetu, gari limeshindwa nini? Jua la Uganda si haba, tuko kwenye ikweta. Mimi nasema jua halina kosa. Angalia kwanza mashine inakula umeme kiasi gani, kisha angalia ina nafasi gani ya kupokea mwanga. Ukishapima hayo mawili, muuza duka hatakuuzia maneno matupu.

Kikokotoo ndicho kifaa cha sola kilichofanikiwa kuliko vyote, nacho hakipewi heshima yake. Kampuni ya Sharp ilitoa kikokotoo chake cha jua, EL-8026, mwaka 1976. Siri ya kikokotoo cha jua ni kioo kinachoonyesha tarakimu bila kutoa mwanga wake chenyewe, kwa hiyo umeme kinaokula ni sehemu ndogo mno ya wati moja. Taa ya darasani inakitosha. Kwa mtoto anayeingia mtihani wa Senior Four (kidato cha nne), mimi nashauri kile kinachotumia jua na betri pamoja. Na ukinunua vile vidogo vya sokoni, funika kidirisha cha sola kwa kidole: vingine vimebandikwa plastiki nyeusi tu, na kinachokuendeshea hesabu ni betri iliyofichwa ndani. Tarakimu zikififia, hicho kinaishi kwa jua kweli.

Kompyuta ndipo watu wanapopoteza pesa. Samsung ilileta Afrika laptopu ndogo yenye paneli mgongoni, NC215S, mwaka 2011. Wazo lilikuwa zuri, lakini fikiria: ili paneli ipate jua lazima uianike laptopu juani, na joto ndilo adui wa betri na wa chipu zake. Tena nani anaweza kusoma skrini saa saba mchana? Paneli iache juu ya mabati, laptopu ikae kivulini.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Laptopu ya kawaida hula kama wati 40, saa sita za kazi ni wati-saa 240. Paneli ya wati 100 kwa jua letu, ukitoa vumbi, joto na upotevu wa nyaya, itakupa wati-saa 350 hivi kwa siku ya kawaida. Inatosha, na simu zitachajiwa. Msimu wa mvua ukija itapungua, ndiyo maana mimi napenda paneli ya wati 150 au zaidi. Kama betri inayohifadhi umeme wa paneli ni ya asidi, usiishushe chini ya nusu ya chaji, itakufa mapema. Ya lithiamu huvumilia zaidi. Na ukiweza, tafuta chaja ya laptopu inayochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa betri. Inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, inaongeza volti kisha chaja inazishusha tena, na kila hatua inakula chake. Kompyuta kubwa ya mezani yenye skrini yake hula mara mbili au tatu ya laptopu, kwa hiyo kwa ofisi ya sola mimi siishauri kabisa. Sisi wa West Nile, eneo letu hili la Arua, tuliokaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa tunajua thamani ya kila wati.

Sasa gari. Saa sita mchana, mita moja ya mraba hupokea wati kama 1,000, na paneli nzuri hugeuza karibu moja ya tano tu kuwa umeme. Paa la gari dogo halizidi sana mita mbili za mraba, kwa hiyo kwa siku nzima linavuna takriban kilowati-saa 2, yaani wati-saa 2,000. Gari la umeme hula wati-saa 150 hivi kwa kilomita, basi umepata kilomita 13. Kutoka hapa Arua, mji wa Koboko hufiki. Ni kweli Sunraycer, gari la jua la General Motors, ilivuka Australia kwa jua mwaka 1987, lakini ilikuwa na dereva tu, bila abiria wala gunia la muhogo.

Basi la Kayoola la Kiira Motors, kampuni ya magari ya hapa Uganda, lilipozinduliwa mwaka 2016, likiwa na viti 35 na paneli juu yake, nilijivunia, na bado najivunia. Betri ndizo zilizolibeba, paneli zikasaidia. Kwangu thamani yake kubwa ni wahandisi wetu waliojifunza kutengeneza gari la umeme, na ujuzi huo ndio unaoendelea Jinja leo.

Kwa hiyo anayetaka kusafiri kwa jua asisubiri gari lenye paneli. Pikipiki ya umeme hula kidogo sana kuliko gari, na paa la nyumba lina nafasi ambayo gari halitakuwa nayo kamwe. Weka paneli huko, ziinamishe kidogo ili mvua izioshe, na ununue betri ya pili ichajiwe mchana wakati ya kwanza iko barabarani. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji betri mpya inauzwa bei gani na fundi wake yuko wapi. Asipokuwa na jibu, nenda duka la pili.