Mbao ina siku zake

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima. Mamaako goti limemtulia kidogo na anakusalimu sana. Ile sauti uliyotuma Ijumaa nimeisikiliza, na kwa kuwa mimi kujirekodi kwenye simu sijazoea, nakuandikia. Umeuliza hivi vipindi vya televisheni vya useremala na kukarabati nyumba kama vina faida yoyote, au mume wako ana haki anaposema unamaliza usiku kutazama watu wakibomoa majiko. Ukamalizia, "Baba, wewe ndiye seremala, wewe uamue."

Kwanza, mimi baina ya mke na mume siingii. Pili, kilichonikaa moyoni si televisheni, ni ile picha ya ukuta wenu wa hapo Leicester, chini ya dirisha, rangi imevimba na kubanduka. Nilipoiona nikasema, huo ukuta naujua. Mamaako akasema, "Umeanza."

Nyumba ya bibi yako, ya mtaa wa Malindi hapa Mji Mkongwe, unaikumbuka. Kisa cha ami yako pia umekisikia, lakini ulikuwa mdogo, na yeye hukisimulia kwa namna inayompendeza. Alirudi kutoka Dubai na mashine ya msasa ndani ya boksi lake, jipya, na huko alikokuwa usiku wote ni vipindi hivyohivyo unavyotazama wewe. Mimi nilikuwa Pemba, nafunga milango ya watu Chake Chake. Kabla sijaondoka nilimwambia Bibi kwamba mlango ule nitaushughulikia nikirudi, kwa mkono, kwa mafuta na kitambaa, na zile mbao mbili za chini nitazibadilisha zikishakauka. Zilikuwa zimelazwa ukumbini, msaji mzuri, bado mbichi. Mbao ina siku zake. Ukiifunga mbichi itanywea ikishakuwa mlangoni, na itanywea upana, urefu hauguswi, basi nafasi inafunguka katikati na mwenye nyumba anasema seremala mwizi.

Nilirudi baada ya Idd. Mlango ulikuwa unang'aa mpaka unajiona uso. Nikapitisha kidole kwenye mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, pale penye mawaridi yaliyopangwa kutoka juu hadi chini. Wewe ulikuwa ukiyahesabu ukisubiri kufunguliwa. Mashine ilikuwa imekula kingo zote. Yale mawaridi yalikuwa kama peremende iliyomumunywa. Minyororo ya kwenye miimo ndiyo kabisa, pete haitambuliki na pete. Yule fundi aliyeichonga, hata baba yangu hakumjua jina, na kazi yake iliondoka alasiri moja.

Ndani ndiko kulikokuwa na makubwa zaidi. Ami yako alikwangua chokaa ukumbi mzima, akapiga saruji, akapaka rangi ya plastiki. Wiki moja tu, kila kitu. Na mama yangu, Mungu amrehemu, mbele ya watu waliokuja kumpa mkono wa Idd, akaniambia: "Wewe kila siku kesho, kesho. Mwenzio kaja, kwa wiki moja nyumba mpya."

Nilicheka na wengine. Nikanywa chai yangu. Lakini ikiwa wataka kujua kwa nini kila ukinitajia vipindi hivi nabadilisha mazungumzo, ni sauti ya Bibi hiyo ninayoisikia.

Masika yalipopita kuta zikaanza kutoka jasho. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo unapokea maji na kuyatoa, mchana na usiku. Ukiuvika saruji maji yanakosa pa kutokea, yanatafuta njia nyingine, na njia waliyoipata kwa Bibi ni vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani. Mikoko ile ilikuwa imebeba dari tangu zama za masultani. Tulipobandua ikawa unga mkononi. Sikumwambia Bibi neno. Au niseme nililimeza, maana la kusema nilikuwa nalo.

Sasa nimlaumu nani, televisheni? Nimejiuliza sana, na jawabu halikai sawa. Zanzibar tuna televisheni tangu 1973, tena ya rangi, ndugu zetu wa bara wakisubiri mpaka miaka ya tisini, na kwa miaka yote hiyo sikusikia mlango wa mtu ulioparuzwa kwa sababu yake. Ami yako angeharibu hata bila hivyo vipindi. Haraka alizaliwa nayo. Lakini haraka ile ilipata mwalimu. Kile kipindi cha Kiingereza ulichonisimulia wewe, Changing Rooms, majirani wanabadilishana nyumba, siku mbili na pauni 500, chumba kinageuzwa: mtu akitazama hivyo miaka mitatu, ataamini kweli chumba ni kazi ya siku mbili. Na ile rafu ya kuning'inia iliyoporomoka na birika za kale za mwenye nyumba, nilipoiona nilicheka mpaka mamaako akaja kuuliza. Si vizuri kucheka mali ya mtu. Nilicheka.

Tena nikitaka kuwa mkali najikumbusha wale Wamarekani. Wale wa kipindi cha This Old House walipoanza 1979 walichukua nyumba moja ya Dorchester, Boston, wakakaa nayo msimu mzima. Hiyo ni adabu. Na seremala wao, Norm Abram, baadaye akapewa kipindi chake, The New Yankee Workshop, kikaenda kuanzia 1989 mpaka 2009. Ndugu yako alinionyesha kwenye YouTube. Mashine za yule bwana ni thamani ya nyumba yetu na ya jirani. Lakini mtazame kabla hajawasha chochote: miwani ya kukinga macho kwanza, kisha kipimo, kisha penseli. Kila kitu alikitengeneza mara ya kwanza pasipo wewe kumuona, cha mfano, halafu ndipo akakitengeneza mbele ya kamera. Kwa hiyo unachotazama ni mara ya pili, na ya kwanza, yenye makosa yote, imebaki nyuma ya pazia. Anayejua hilo atafaidika. Asiyejua ataona mikono yake mwenyewe ina laana.

Na mimi nilijifunzaje? Hapo ndipo hoja yangu inaponiumbua. Fundi wangu pale Mkunazini hakunieleza neno. Nilifagia maranda na kutazama. Nikiuliza alisema, "Tazama." Muda mrefu hakuniachia randa, na siku aliponiachia mkono ulikuwa ukijua njia, kwa macho tu. Basi nitasimama vipi nikuambie kutazama ni kupoteza wakati?

Ila kulikuwa na kitu kimoja pale ambacho kwenye kioo hakipo, nacho ni sauti. Fundi alikuwa akinipa mgongo, anachonga yake, na bila ya kugeuka aniambie, "Patasi yako butu." Aliisikia. Randa ikienda na nyuzi za mbao inateleza na maranda yanatoka marefu. Ukienda kinyume inakwaruza, na mkwaruzo huo unausikia kabla ya jicho kuona mbao iliyonyofoka. Hivi vipindi vyako vya sasa, mtu akianza tu kufanya kazi wanapiga muziki! Wamelifuta somo lenyewe wakabakisha mikono inayokwenda mbio. Na muda wa kungoja wanaukata kabisa. Gundi inapakwa, wanafunga vibano, picha inayofuata kabati limesimama na maua juu yake. Usiku ule wa katikati nani kaukaa? Mbao ina siku zake, na chokaa ina zake zaidi. Hunyonya hewa ikakaza polepole, unainyunyizia maji, unaifunika magunia jua lisiipige. Hakuna atakayelipa kamera ikae hapo.

Nasema hivyo halafu namkumbuka yule wa North Carolina, Roy Underhill, na The Woodwright's Shop yake. Kofia kichwani, hana umeme, anakata kwa msumeno wa mkono huku akizungumza na akihema, pumzi zinamwishia, nao hawaikati picha. Kila kitu unakisikia. Yule nilimtazama hata umeme ulipokatika nikabaki na simu mpaka chaji ikaisha. Sasa huyo naye ni televisheni.

Kwa hiyo usinilazimishe hukumu. Ningeitoa, ulimi unaniwasha, lakini mume wako ataisoma barua hii.

Rudi kwenye ukuta wenu. Umesema nyumba ni ya zama za Malkia Victoria. Nyumba nyingi za Uingereza za wakati huo ni tofali tupu kwa chokaa, hakuna uwazi katikati ya ukuta, kwa hiyo maradhi yake na ya nyumba ya Bibi ni mamoja. Chukua ufunguo, ukwaruze kiungo baina ya matofali upande wa nje. Kikiwa laini, cheupe cha maziwa, na ndani yake vipunje vyeupe, hiyo ni chokaa. Kikiwa cha kijivu na ufunguo unateleza, mtu kashapita na saruji kabla yenu. Tazama na mfereji wa paa juu ya dirisha lile kama umeziba, na udongo wa bustani umepanda kiasi gani ukutani. Mume wako asinunue mfuko wowote wa saruji mpaka unitumie picha za mchana, karibu, na kwa nje. Mimi hapa Unguja nimeona Beit al-Ajaib, ile Nyumba ya Maajabu ya 1883, sehemu yake ya mbele ikiporomoka tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafariki. Sijui kusema "tujaribu tu tuone" juu ya nyumba kongwe.

Mamaako anauliza ile karafuu na mdalasini imefika. Na vifurushi vya intaneti huku ni ghali, basi usinitumie video zote unazozipenda wewe, za mbio mbio zile. Nitafutie cha yule bwana wa kofia anapotengeneza benchi la kufanyia kazi, na usimwambie mume wako kama nimekiomba.

Baba yako