Pambo lisilimeze ua: maswali yenu ya sikukuu

Tangu maduka ya Kariakoo yaanze kutundika riboni na mipira ya kung'aa milangoni, maswali yamefurika. Nimechukua yale yanayojirudia, na moja la Idd ambalo limenifurahisha. Kwa mji huu mimi huanza na joto na unyevu, uzuri baadaye. Pambo lisilovumilia Desemba ya Dar halina kazi mezani, hata lilikuwa zuri vipi dukani.

Nimenunua kopo la rangi ya dhahabu ya kupuliza. Nikipulizia mawaridi, kesho yake yamesinyaa na kingo zimekuwa za kahawia. Au ndiyo maua ya Dar yalivyo? (Msomaji, Tabata)

Maua hayana hatia, dada. Rangi hiyo ni ya vyuma na mbao, na ndani yake kuna viyeyusho vinavyounguza petali. Zipo rangi zilizotengenezwa mahususi kwa maua, ila kopo la duka la vifaa vya ujenzi si mojawapo. Pulizia vitu vikavu: vijiti, kipande cha karara la mnazi, majani yaliyokauka. Fanya kazi hiyo nje, viache mpaka harufu iishe, ndipo uvichomeke kati ya maua.

Ukitaka ua lenyewe ling'ae, chovya brashi ndogo kwenye gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, pitisha kwenye ukingo wa petali za nje tu, kisha nyunyizia glita kidogo. Maua mawili matatu katika chombo kizima yanatosha. Na utandike gazeti, maana glita ikishaingia kwenye zulia utaishi nayo hadi Pasaka.

Mkrismasi wa nje ya hosteli yetu umewaka mwekundu mti mzima. Naweza kukata matawi nikapambia meza badala ya kununua maua? (Mwanafunzi, Changanyikeni)

Tamaa yako naielewa, hakuna kibanda cha maua kinachoweza kushindana na mkrismasi uliochanua. Asili yake ni Madagaska, lakini umekaa nasi pwani mpaka tumeupa jina la sikukuu yenyewe. Bahati mbaya ua lake halipendi kukatwa. Liweke kwenye maji asubuhi, jioni petali zimeshalegea na zinadondoka. Kama ni chakula cha mchana tu, okota yaliyoanguka alfajiri, yaache yaelee kwenye bakuli pana la maji, basi.

Mali hasa ya mti huo ni kitu ambacho watu wanakifagia na kukichoma: maganda. Tafuta yale ya msimu uliopita, meusi na magumu, mengine yanafika nusu mita. Futa vumbi, anika, kisha pulizia dhahabu ya mwenzako wa Tabata upande mmoja tu, upande wa pili uache na weusi wake. Chukua matatu ya urefu tofauti, yasimamishe nyuma ya chombo kirefu, na mbele yake weka mawaridi meupe machache au hata majani mabichi matupu. Lile lililopasuka lenyewe ndilo zuri kuliko yote. Ndani lina vyumba vidogo vilivyopangana kwa mstari, kila mbegu na chumba chake, na ukipitisha rangi kidogo humo unapata mistari ya kivuli na mng'ao ambayo hakuna kiwanda kinachokuuzia. Ila lisilopasuka ulikung'ute kwanza, maana mbegu zikibaki ndani ni kayamba kamili kila mtu akigusa meza.

Ndugu yangu wa Mafinga alinitumia koni za paini zilizochanua vizuri. Baada ya wiki moja hapa zimejifunga. Ndiyo zimeharibika? (Mama wa nyumbani, Kimara)

Hazijaharibika, mama, zimekunywa unyevu. Magamba ya koni hufunguka yakikauka na hujifunga hewa ikiwa na maji, ndivyo mti unavyozishikilia mbegu zake mpaka siku kavu ifike. Zianike kwenye jua kali la saa sita, au ziingize kwenye oveni yenye moto mdogo kabisa, nawe usiondoke jikoni kwa sababu utomvu wake unawaka. Zikichanua tena, zipake vanishi nyembamba siku hiyohiyo ili zichelewe kunywa maji. Kuzichomeka ni rahisi: zungusha waya kati ya magamba ya chini, sokota, acha mkia mrefu, huo ndio shina lako.

Binafsi ningeziweka pembeni nikaokota vikoni vya mvinje ufukweni. Ni vya bure, na kwa udogo wake hata vikijifunga hakuna mgeni atakayejua.

Watoto wameokota makombe mengi Kigamboni. Nimeyaweka ndani ya chombo cha kioo chenye maua, lakini maji yanachafuka na maua hayadumu. (Baba wa watatu, Mbagala)

Makombe yana chumvi, na yenyewe ni chokaa. Maua yaliyokatwa hunywa vizuri maji yenye uchachu kidogo, na chokaa inauua uchachu huo. Yaoshe kwa brashi, yaloweke usiku kucha kwenye maji safi, yaanike. Halafu tumia vyombo viwili: bilauri yenye maji na maua iingie ndani ya chombo kikubwa cha kioo, makombe yajaze pengo katikati. Yanaonekana pande zote na hayagusi maji. Shingo ya chombo ifunge kamba ya katani, inaelewana na makombe kuliko riboni ya plastiki.

Waambie watoto wachukue yaliyo matupu tu, lenye mnyama ndani lirudi baharini. Na ukikutana na mtu anauza gamba la kasa kama pambo, pita, kasa analindwa kisheria.

Mshumaa katikati ya maua, ndiyo au hapana? (Msomaji, Sinza)

Kwenye chumba chenye feni, hapana. Moto unalala upande, unakuta riboni au mvinje mkavu. Nunua mishumaa ya betri. Ukishikilia wa moto, uwe ndani ya kioo kirefu kuliko mwali wake.

Jumuiya yetu imepewa zamu ya kupamba kanisa Dominika zote za Majilio. Mwenyekiti anataka riboni nyekundu na taa za kumetameta mpaka juu ya altare. (Mwanajumuiya, Ubungo)

Hapa utaratibu upo tayari, hamna haja ya kugombana. Mwongozo wa Jumla wa Misale ya Kirumi, namba 305, unasema maua ya Majilio yawe ya kiasi, yasiitangulie furaha kamili ya Noeli, na yawekwe kuzunguka altare badala ya juu yake. Mpelekeeni paroko, yeye ndiye azungumze na mwenyekiti.

Kwa upande wa kazi, mimi ningejenga shina moja la majani magumu na utepe wa zambarau. Dominika ya tatu, kama parokia yenu hutumia rangi ya waridi, ongezeni mawaridi ya rangi hiyo. Jioni ya tarehe 24 toeni zambarau yote, ingizeni meupe na dhahabu, hapo mwenyekiti naye apate nafasi yake ya kung'arisha. Sponji ya kijani ya kuchomekea maua iwekeni juu ya maji izame yenyewe. Ukiikandamiza kwa mkono, nje inalowa na katikati hewa inabaki, halafu Jumapili mnashangaa maua ya juu yamekufa na sponji imelowa.

Idd ijayo nataka kupamba sebule kwa asumini na vikuba badala ya maua ya dukani. Nitayafanyaje yasife kabla ya wageni? (Bi harusi wa mwaka huu, Magomeni)

Hongera, bibie. Asumini hufunguka usiku, kwa hiyo chuma vikonyo vilivyofumba alasiri ya kuamkia Idd, vikiwa vyeupe vimeshiba. Tunga kwa sindano na uzi wa pamba, funga kwenye jani la mgomba lililoloweshwa, weka mahali pa baridi. Asubuhi vinafunguka vikiwa tayari kwenye uzi. Shanga ukitaka ziwepo, weka moja kila baada ya vikonyo kadhaa, ndogo na nyepesi, nzito zinakata uzi.

Kikuba cha mlangoni kiwe na mrehani mwingi, ndio unaobaki kijani asumini ikianza kugeuka kahawia. Na sinia la matunda lisikae jirani. Embe na ndizi zinapoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo inazeesha maua haraka. Peleka matunda meza nyingine, au yaandaliwe wageni wakishakaa.