Kwa waongozaji wapya wa Mji wa Kale, Mombasa

Juma lililopita nilikuwa nimekaa Ndia Kuu nikamwona kijana, kitambulisho chake bado kinang'aa, akiwalisha wageni wake mahamri matatu matatu, mbaazi bakuli zima na viazi karai juu yake, kisha akawapandisha ngome ya Fort Jesus saa sita, jua likiwa la utosi. Mgeni mmoja aliegemea mzinga akakataa kuondoka. Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa kuwa mimi nilianza vibaya kuliko yeye.

1. Kuonja si kushiba: ngome itangulie, mbaazi zifuate, na hamri moja ligawanywe kwa watu wawili.

2. Historia isemwe penye chakula chake. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba chakula kikubwa cha wenyeji kilikuwa ndizi na samaki, na kwamba nafaka waliletewa kutoka kwingine. Ninyi, wadogo zangu, humtaja chini ya kuta ambazo Wareno walianza kuzijenga mwaka 1593, na wageni huondoka wakiamini kwamba alilala humo. Mtajeni sokoni, mbele ya mkungu wa ndizi.

3. Ulizeni nani hali karanga kabla kashata hazijatoka kwenye sinia.

4. Tazameni mwezi. Mwaka wangu wa pili kazini nilipokea wageni wanane kwa siku inayofuata tarehe 29 Shaaban, na mimi, mtoto wa Kiislamu niliyezaliwa hapa hapa kisiwani, nikajipa moyo kwamba mwezi hautaonekana na Shaaban itatimia 30. Usiku mwezi ukatangazwa kuonekana. Nilikuwa na nambari za simu za wageni wote, na bado sikumpigia hata mmoja, kwa kuwa nilikwisha kula malipo ya awali. Asubuhi mama wa mahamri hakuwa amewasha jiko, muuza kahawa hakutoka, na wageni walikuwa wameacha kifungua kinywa cha hoteli kwa maagizo yangu mwenyewe.

Niliwaingiza ngomeni, nikarefusha hadithi ya Waomani walivyoizingira ngome kutoka 1696 hadi 1698, nikafika pale Wareno walipokwisha kwa maradhi na ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza na jamaa zake. Kwa kawaida hapo mimi hueleza njaa ilivyokuwa. Siku ile hakuna aliyehitaji maelezo. Tulipotoka niliwanunulia biskuti na soda dukani, nao, masikini, wakazifungua karibu na Msikiti wa Mandhry wakati watu wanatoka kusali adhuhuri. Mzee mmoja alinivuta kando akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hawa hawajui. Wewe je?" Sikuwa na jibu, na nilirudisha fedha zote, pamoja na zile ambazo sikuwa nazo.

Siku hizi ziara yangu ya Ramadhani huanza baada ya alasiri kwa ngome, tukapita vichochoroni polepole, na huishia kwenye futari ya tambi, kaimati na mkate wa sinia, na wageni huipenda kuliko ile ya asubuhi. Hata hivyo muuza kahawa wangu hajasahau: kila tarehe 29 Shaaban, jua likishatua, hunipigia simu kuniuliza kama kesho nina wageni.