Barua za wasomaji: Moshi wa jiko la kuni na faini ya halmashauri

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kwa sasa naishi England katika nyumba ya kupanga iliyoshikana na za majirani pande zote mbili. Sebuleni mna jiko dogo la chuma la kuni, na tangu gesi ipande bei ninaliwasha kila jioni. Juzi nimepokea barua ya halmashauri ikieleza kuwa moshi wa dohani yangu umelalamikiwa na kwamba naweza kutozwa faini. Mama yangu alipikia mafiga maisha yake yote, nami nimekulia kwenye moshi huo. Je, kweli ipo sheria ya kumzuia mtu kuota moto nyumbani kwake?

JIBU: Dada yangu, sheria ipo, na ni ya siku nyingi. Mnamo Desemba 1952 ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe uliifunika London kwa siku tano. Hesabu ya kwanza ilitaja vifo vipatavyo 4,000, na watafiti wa baadaye wameifikisha hadi 12,000 hivi. Msiba huo ndio uliozaa Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956, iliyozipa halmashauri uwezo wa kutangaza maeneo ya kudhibiti moshi, uwezo ambao leo umo katika sheria ya mwaka 1993.

Ndani ya eneo la namna hiyo huzuiwi kuota moto, ila dohani yako hairuhusiwi kutoa moshi, na kuni huruhusiwa tu katika jiko lililomo kwenye orodha ya majiko yaliyoidhinishwa na serikali. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, tafuta kibati kilichobandikwa nyuma au chini ya jiko lako, usome jina la mtengenezaji na aina ya jiko, kisha ulinganishe na orodha iliyo katika tovuti ya wizara ya mazingira, Defra. Zamani halmashauri ililazimika kumfikisha mtu mahakamani. Tangu mwaka 2022, kutokana na Sheria ya Mazingira ya 2021, inaweza yenyewe kutoza kati ya pauni 175 na 300. Kwanza hukupa notisi ya kusudio, nawe una siku 28 za kuipinga kwa maandishi. Usitegemee kwamba mwenye nyumba ndiye atakayelipa, maana anayewajibika ni anayekaa ndani.

Hata jiko likiwa kwenye orodha, kuni mbichi zitakuangusha. Tangu Mei 2021 kuni zinazouzwa England kwa kiasi kidogo, chini ya mita 2 za ujazo, hazitakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 20, na mzigo wake huwa na alama ya “Ready to Burn”, yaani tayari kuchomwa. Ukiokota au kupewa kuni, pasua gogo na uchomeke pini mbili za kipima unyevu kwenye upande uliopasuka sasa hivi, kwa sababu ncha zake hukauka mapema na hudanganya. Kuni mbichi utazijua pia motoni: hufoka povu kwenye ncha, hufukuta bila kuwaka vizuri, na kioo cha mlango hugeuka cheusi kwa masizi. Mbao zilizopakwa rangi au dawa usizichome kabisa.

Kuhusu mafiga ya mama, naomba nikuambie bila kuficha, kwa sababu nami nimelelewa hivyo: moshi ule ulituumiza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Chembe zake zenye madhara zaidi, ziitwazo PM2.5, ni nyembamba mara 30 hivi kuliko unywele, kwa hiyo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Huko uliko, usiku wa baridi usio na upepo, moshi haupandi mbali. Hushuka na kutuama kwenye madirisha ya jirani.

SWALI la msomaji mwingine wa England: Mwanangu ana pumu. Jirani ana jiko jipya la kuni lililoidhinishwa, moshi hauonekani, lakini harufu yake inaingia chumbani kwa mtoto. Nina haki ya kulalamika?

JIBU: Unayo. Halmashauri inaweza kushughulikia moshi kama kero hata pale jiko linapokuwa halali, ila itahitaji ushahidi, kwa hiyo andika tarehe, saa na hali ya mtoto kila moshi unapoingia. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo sheria inapopungua: inaangalia kinachoonekana juu ya dohani, wakati ripoti ya Mganga Mkuu wa England ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa hata jiko bora la kisasa hutoa chembe za PM2.5 mara 450 hivi zaidi kuliko mfumo wa kupasha nyumba joto kwa gesi. Kabla ya kuandika malalamiko, mgongee mlango jirani yako ukiwa na mtoto, umwonyeshe ile dawa ya kuvuta anayotumia usiku, na umwombe awashe hita siku ambazo hakuna upepo.